Seva ya kuchangia na heda za HTTP: yaliyonikuta

Duka la vitenge la dada yangu lina tovuti ndogo, na mimi ndiye fundi wa bure. Nalipia kifurushi cha bei ya chini, kile ambacho seva moja mnachangia wateja kibao. Jina la kampuni silitaji, maana shida nyingine nilijitakia mwenyewe.

Niliipima tovuti kwenye securityheaders.com, inayokagua heda za usalama (maelekezo ambayo seva hukitumia kivinjari pamoja na ukurasa), ikarudi na F nyekundu kama mtihani wa hesabu. Mipangilio mikuu ya Apache, programu inayotoa kurasa kwenye seva, huruhusiwi kuigusa, kwa hiyo unabaki na faili la .htaccess, la mipangilio ya tovuti yako tu, na cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, inalificha: ingia Settings ndani ya File Manager, weka tiki mafaili ya nukta yaonekane. Kisha andika mstari huu, unaozuia tovuti nyingine kuweka ukurasa wako ndani ya kurasa zao:

Header always set X-Frame-Options "SAMEORIGIN"

Ilikubali palepale. Hilo "always" msiliache, bila hilo kurasa za makosa zinaweza kutoka bila heda. Mstari wa pili nikaandika "Haeder". Herufi mbili tu zimepishana, tovuti nzima ikawa kosa la 500, yaani seva imeshindwa. Simu ikaita: "Kaka, mbona duka halifunguki?"

Kilichonitoa jasho ni Strict-Transport-Security, heda inayokiamuru kivinjari kitumie HTTPS tu. Nikanakili max-age=31536000, yaani amri idumu mwaka mzima, kwa sekunde, pamoja na includeSubDomains, inayoihusisha na kila subdomeini (anwani ndogo chini ya tovuti). Nikasahau kwamba daftari la stoo liko kwenye subdomeini isiyo na cheti cha HTTPS. Kivinjari cha dada kikagoma kuifungua, hata kitufe cha kuendelea hakuna. Nikarudisha max-age=0, kufuta amri hiyo, nikamwambia afungue ukurasa mkuu kwanza, ndipo stoo ikapatikana. Cheti nilikiweka baadaye. Siku hizi naanza na sekunde 300, nikiona kimya naongeza.

Lawama yangu kwa kampuni ni moja. Cache-Control ya picha, inayokiambia kivinjari kizihifadhi kwa muda gani, ilikataa katakata. Curl -I, amri ya kuangalia heda, kwenye ukurasa inaonyesha heda zangu zote, kwenye picha hamna kitu. Nikafuta, nikaandika upya, wapi. Huduma kwa wateja walijibu siku ya pili: mbele ya Apache kuna nginx, programu nyingine ya seva, picha inazitoa yenyewe, na .htaccess haiisomi kabisa. Wakaongeza upande wao, ikachukua dakika chache. Sasa si wangeandika hilo kwenye ukurasa wa msaada?

Hata hivyo nitalipia tena, kwa bei ile sina neno. Content-Security-Policy, heda inayopanga vitu vya tovuti gani viruhusiwe kwenye ukurasa, bado sijaigusa. Dada ameweka picha za Instagram ukurasa wa mbele, na sitaki simu nyingine.