Kuzunguka Kisumu: simulizi la simu au mwenyeji?

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukaitwa Port Florence, jina la mke wa Ronald Preston, mmoja wa wajenzi wake. Hayo simu yenye simulizi la sauti la kuongoza wageni itakueleza hata mara kumi bila kuchoka. Ukishapakua simulizi nyumbani, gharama imekwisha. Unasimama chini ya mnara wa saa wa 1938, kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha, unasikiliza mpaka utosheke.

Mwenyeji wa kukutembeza analipwa, na mvua ya alasiri ikishuka huenda asitokee. Lakini kule mtaa wa Kaloleni, mzee niliyekuwa naye alisimama ghafla mbele ya duka lililofungwa, akaugusa mlango, akaanza kunitajia mafundi cherehani waliokaa pale barazani. Simu yangu wakati huo inaniambia nikate kushoto, kwenye kichochoro kilichozibwa kwa mabati! Rekodi isiporekebishwa huchakaa. Mzee hujirekebisha mwenyewe, ingawa miaka alinichanganyia kidogo.

Mgeni wa siku moja, tena mwenye haya ya kuuliza, simu inamtosha. Sikio moja tu libaki wazi kwa ajili ya bodaboda. Anayetafuta habari za ukoo wake amwone mzee, na asiende mikono mitupu. Mimi nilibeba sukari kilo mbili.