TAHADHARI kwa wenye nyumba za slabu (paa bapa la zege): huyu muuza mashiti ya bluu ya kukata joto ni tapeli

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Hili jambo nimekaa nalo tangu masika naona haya hata kulisema kwenye kikao cha familia, lakini juzi nimekuta tangazo lake limerudi, jina la ukurasa jipya ila picha zilezile, kile kiatu cha kahawia kimekanyaga shiti la bluu ni kilekile, nikasema potelea mbali, nichekeni mtakavyo ila huyu mtu simuachi apige mwingine.

Nyumba ya Kibada mnaijua na ule ugomvi wa slabu badala ya bati mnaujua, sirudii. Joto la vyumba vya juu mnalijua pia, waliokuja kwenye hitima ya mama mkwe waliona wenyewe watu walivyoshuka mmoja mmoja kwenda kukaa chini ya mwembe. Zege likipigwa jua mchana kutwa linaweka joto, halafu usiku nyie mkipanda kulala ndo linaanza kulitema chumbani. Saa nne usiku ukiweka kiganja kwenye plasta ya dari unakitoa mwenyewe. Feni inazungusha joto lilelile, watoto wanalala sebuleni, na AC tuliyofunga chumba kimoja inakula umeme mpaka nikawa nasikia uchungu kuiwasha. Sasa mtu akija anakwambia ana kitu cha kulaza juu ya slabu kikakata hilo joto na kikadumu miaka, si utamsikiliza? Mi nikamsikiliza.

Na msiniambie sikuuliza. Namba nilipewa na mtu wetu wa karibu, mnamjua, sitamtaja maana tumeshayamaliza. Jamaa akaja mwenyewe mpaka nyumbani, kijana mtanashati, kavua viatu mlangoni, kampa mama shikamoo na kumuulizia magoti, chai alikataa kwa adabu akasema kafunga. Jumatatu hiyo, kafunga! Akapanda juu na baba Nasra, akapima slabu kwa tepu, akainama kuangalia maji yanaelekea upande gani, akaandika kwenye daftari. Hakukimbilia hela hata kidogo.

Alivyoshuka akatoa kipande cha shiti la bluu kwenye begi, akaomba ndoo ya maji na mzani wangu wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki. Kapima kile kipande mbele yetu, kakitumbukiza kwenye ndoo, kakikandamiza na jiwe kisielee, akasema tuendelee na mazungumzo. Tukaongea weee, karibu saa zima. Akakitoa, akakifuta kwa leso yake, akakirudisha kwenye mzani, uzito uleule, haukuongezeka hata gramu. Akakivunja, ndani kumebana, laini, hakuna punje hata moja. Akakiweka chini akapanda na viatu vyake vya kahawia akaruka mara mbili, hakijabonyea. Akawasha kiberiti akakigusisha, kikayeyuka kidogo moto ukazima. Mama mwenyewe alisema mashallah.

Halafu alikuwa anaongea vitu vya kweli, hapo ndo panaponiuma. Alisema paa la bapa adui yake ni maji yanayokaa, kwahiyo usinunue pamba za kioo wala povu jeupe la kwenye boksi la TV ukaliweka juu, litakunywa maji na likishakunywa halizuii tena joto. Akasema hili la bluu ni XPS, povu gumu, linabanwa kiwandani mpaka vitundu vyake vyote vinakuwa vimefungwa, ndo maana linaruhusiwa kukaa JUU ya karatasi ya lami ya kuzuia maji na kuilinda jua, halafu juu yake unalaza kitambaa na kokoto au peivingi. Akasema zege linapitisha joto zaidi ya mara arobaini ya hilo shiti. Nimekuja kuuliza injinia wa ukweli baada ya kupigwa, kaniambia maneno yote hayo ni sahihi. YOTE. Yani mwizi kasoma kuliko mafundi wetu! Mtu wa hivyo unamshukuje? Kuna kitu kimoja nilitaka cha bei ya juu zaidi, akanikataza, akasema mama huna haja, utapoteza hela. Tapeli gani anakataa hela?

Basi nikalipa. Advansi kwanza halafu nyingine mzigo ulipofika, jumla na ufundi ni zaidi ya milioni nne, hela ya mchezo yote na ile ya kiwanja mnayoijua. Risiti akasema mashine ya EFD inasumbua mtandao ataituma. Akanipa karatasi nzuri ya rangi ina mhuri, garantii miaka 25.

Mzigo ulitakiwa kuja asubuhi. Ukaja maghrib inaadhiniwa, kirikuu mbili, foleni ya darajani eti, wingu limefunga na umeme umekatika. Vijana wanashusha mbiombio, paketi zimevishwa nailoni nyeupe nzito yenye maandishi, huoni ndani. Dereva anapiga honi ana mzigo mwingine Mbagala. Nikachana paketi moja juu, shiti la kwanza bluu, zuri, gumu, lilelile la kwenye ndoo. Nikageuza chini, bluu gumu vilevile. Baba Nasra akasema lete mzani wa samaki tupime paketi, mi ndo nikamvuta shati nikamwambia acha kumuaibisha mtu aliyefunga. Na mpaka leo akipita karibu na ule mzani ananiangalia tu haongei.

Kumbe katikati ya kila paketi mchezo ulikuwa mwingine. Shiti la juu na la chini ni XPS ya kweli, yale sita ya katikati ni povu jeupe la kawaida, lile jepesi kabisa la kufungia friji, limepuliziwa rangi ya bluu! Mtu amekaa kwenye godauni akapulizia rangi povu, shiti kwa shiti, akalivisha nailoni, ana watoto huyu mtu? Analala?

Fundi wa kufunga alileta yeye, sehemu ya ofa. Walifunga ndani ya siku chache mi niko kazini, na kwa namna mzigo ulivyo yule fundi lazima alijua, huwezi kulaza mashiti slabu nzima usione punje. Karatasi za lami nazo zilikuwa zake, zimeandikwa milimita 4. Nilirudi siku moja mapema nikamkuta dogo anapanda ngazi na rolo begani anapiga mluzi. Rolo la milimita 4 la mita kumi ni zaidi ya kilo arobaini, hupigi mluzi nalo. Lakini wakati ule mi ningejuaje, nilimpa na maji ya baridi. Halafu wakamwaga lile dawa jeusi la lami kwenye viungo vya mashiti, nikasikia tssss, povu linaliwa linazama, nikauliza, fundi akanijibu "linashika hilo mama". Linashika! Linayeyuka! Ile dawa ina mafuta ya kuyeyushia ndani na mafuta hayo hayapatani na povu la jamii hii, hata XPS yenyewe. Nikasema basi tujaze maji juu tuone kama panavuja kabla hamjafunika, kuna mtu aliwahi kuniambia inafanyika hivyo, unaziba mabomba unaacha maji siku nzima au mbili. Wakasema hakuna haja, mvua itajaribu yenyewe. Wakamwaga skridi (lile tabaka jembamba la saruji) juu wakaondoka.

Mvua ikajaribu kweli. Masika ya kwanza tu, pembeni ya parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa, pakaanza doa la chai, kisha jipsam ya chumba cha wasichana ikavimba tumbo, usiku mmoja ikashuka yote juu ya kitanda, bahati joto lilishawahamishia sebuleni. Cha ajabu mvua ikikatika jua likawaka siku nzima bado dari linadondosha, toh, toh, toh, nikadhani bomba limepasuka. Kumbe povu huko juu limenywa maji limekaa nayo, linayaachia taratibu.

Tulivyobomoa skridi ndo nililia. Fundi wa jirani kaingiza mtaimbo, kipande kikanyanyuka, chini yake yale mashiti yamelowa chapachapa, nikavuta moja kwa mkono likakatika kama andazi lililolowekwa kwenye chai, nikalikamua maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko. Rangi ya bluu imebaki kwenye vidole vyangu. Punje nyeupe zimenasa kwenye kandambili, kwenye nywele, zimeshuka kwenye mabomba zimeziba, mpaka leo nikifagia baraza nazikuta. Na katikati ya uozo wote huo, kila baada ya mashiti kadhaa, unakutana na moja gumu, zima, kavu ndani kabisa, la kweli. Hayo ndo yalinitoa machozi.

Kumpigia simu sasa. Kwanza niko Dodoma mama nikirudi nakuja. Kisha subiri pakauke. Kisha akasema tatizo ni slabu yenu haina mteremko, slabu aliyoipima mwenyewe kwa tepu yake! Kisha tiki mbili za bluu bila jibu, kisha picha yake ikapotea. Fundi wake anasema yeye ni kibarua tu hamjui bosi.

Huyu mtu mi sitaki hata arudishe hela kwanza, nataka alazwe juu ya ile slabu saa saba mchana bila shuka, mwezi wa pili, apewe garantii yake ya miaka 25 ajifunikie. Afungwe. Na aliyempulizia povu rangi afungwe naye. Polisi nimeshaenda, RB ninayo, ndo maana jina siliandiki hapa, nimeambiwa nisiharibu kesi.

Najua mtaniuliza mtamjuaje. Pimeni uzito, jamani, uzito! Injinia kanifanyia hesabu, shiti la XPS la mita 1.2 kwa sentimita 60 unene sentimita 5 linatakiwa lifike kilo moja na kidogo, yale yangu ya katikati hata nusu kilo hayafiki. Paketi ya mashiti manane ya kweli inaenda kilo tisa, yangu haikufika tano. Mzani wa samaki ungetosha kabisa (najua, najua, msianze). Rangi isikudanganye, kila kiwanda kina rangi yake, bluu, pinki, kijani, rangi haimaanishi kitu. Ule moto wa kiberiti nao hauna maana, hata povu la kawaida likiwekwa dawa linazima. Vunja shiti la KATIKATI, utakalolichagua wewe sio yeye, ukiona punje kama mtama huo sio XPS.

Kingine nilikiona baada ya kupigwa, ile karatasi yake nzuri ya rangi kwa chini imeandikwa EN 13163, injinia akacheka mpaka akakaa chini, hiyo ni namba ya kiwango cha Ulaya cha povu la kawaida, XPS ni 13164. Mwizi kaniandikia wizi wake kwa herufi ndogo na mhuri juu! Na sio kwamba povu la kawaida ni takataka, lile zito linafaa vizuri tu likiwa CHINI ya karatasi ya lami pasipofika maji, na unalipa bei yake. Hili nimelipia bei ya XPS nikaliweka kwenye bwawa.

EFD ikigoma, mzigo ukija maghrib, fundi akiwa wa muuzaji, wakikataa kujaza maji, mi nisingeongeza neno, ningewafungulia mbwa. TBS (shirika la viwango) na FCC (tume ya ushindani) nimeambiwa nipeleke sampuli nako, naenda wiki ijayo na mfuko wa punje. Huyu hata akifungwa miaka kumi ni michache, sijui sheria inasemaje lakini kumuharibia mtu paa na mvua inanyesha mi naona ni sawa na kuvunja nyumba usiku.

Kama una paketi zake bado hujafunga zichane leo. Kama umetoa advansi usimalizie iliyobaki hata akikwambia gari liko darajani. Na waliopigwa naye kama mimi acheni haya, njooni inbox na tarehe na namba mliyolipia, afande anasema tukiwa wengi inakuwa kesi moja kubwa, na hadi sasa tuko watatu, mmoja yuko Bagamoyo slabu yake ndo kwanza imeanza doa.