Mbolea ya CAN kwa kukuzia mahindi: tathmini baada ya misimu mitatu Njombe

Kwa misimu mitatu nimekuzia mahindi kwa CAN (mbolea ya naitrojeni iliyochanganywa na chokaa) katika shamba langu la ekari mbili mkoani Njombe, baada ya miaka mingi ya kutumia Urea peke yake. Wakulima wengi hulinganisha mbolea hizi kwa kuangalia kiasi cha naitrojeni tu, na kwa kigezo hicho Urea haina mshindani, kwani mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, ilhali CAN ya asilimia 27 ina kilo 13.5. Mimi nilitaka kujua kila mbolea inayafanya nini madini mengine yaliyomo udongoni.

Sababu ilikuwa majani ya chini ya mahindi yangu, ambayo yalikuwa na mistari ya njano katikati ya mishipa iliyobaki kijani. Katika duka moja la pembejeo nilishauriwa kuongeza Urea, ushauri ambao naamini ulinigharimu msimu mzima. Jani lenye njaa ya naitrojeni huanza kuwa njano kwenye ncha, kisha umanjano hufuata mshipa mkuu kwa umbo la V. Mistari ile ilikuwa dalili ya upungufu wa magnesi. Nilipopima udongo, pH, yaani kipimo cha tindikali, ilikuwa 4.9, udongo wenye tindikali nyingi.

Urea inapogeuka kuwa amonia na hatimaye naitreti (hizi ni hali mbili za naitrojeni udongoni), huacha tindikali udongoni, na kila kilo moja ya naitrojeni yake huhitaji takriban kilo 1.8 za chokaa ili kuifuta, yaani kama kilo 41 kwa mfuko mmoja. Naitreti isiyochukuliwa na mizizi huoshwa na mvua, nayo haiendi peke yake bali huondoka na kalsi na magnesi. Pia, naitrojeni iliyo katika hali ya amonia hushindana na potasi, kalsi na magnesi kwenye mzizi, wakati ile ya naitreti husaidia madini hayo kuingia. Mmea unaosukumwa kukua haraka huhitaji zaidi kila kimojawapo, kwa hiyo shamba linaweza kuwa la kijani kibichi huku lina njaa.

Nusu ya naitrojeni ya CAN ni naitreti, na zaidi ya moja ya tano ya uzito wake ni chokaa. Hapo ndipo sifa yake ilipo, ingawa isikuzwe kupita kiasi, kwa kuwa chokaa hiyo haitoshi kufuta tindikali yote ambayo mbolea yenyewe huizalisha. Nililiona hilo kwa macho yangu: katika ekari niliyotumia CAN pekee mistari ilipungua lakini haikuisha, ilhali katika ekari niliyotanguliza chokaa ya dolomaiti, ambayo ina magnesi, majani yalikuwa safi kufikia msimu wa pili na magunzi yalijaa hadi nchani.

Kasoro zake zipo. Gharama kwa kilo ya naitrojeni ni kubwa kuliko ya Urea, mfuko uliofunguliwa hufyonza unyevu na kuganda, na mvua kubwa huondoa naitreti upesi, kwa hiyo nimelazimika kuiweka mara mbili: mahindi yanapofika magotini, kisha kabla ya kutoa mbelewele. Haina potasi wala salfa. Ukiona majani machanga ya juu ndiyo yanayofifia, huenda salfa ndiyo inayokosekana, na SA (mbolea ya salfeti ya amonia) ingeitoa, lakini tindikali yake kwa kilo ya naitrojeni ni karibu mara tatu ya Urea, na sithubutu kuitumia kwenye udongo kama wangu bila chokaa.

Nitaendelea kuinunua CAN, nikichagua ile ambayo maandishi ya mfuko yanaonyesha ina magnesi. Kwa mwenye udongo usio na tindikali na fedha kidogo, Urea iliyofukiwa vizuri bado inafaa, mradi apime udongo kabla ya kuongeza mfuko wa pili.