keep-sorted: programu inayopanga pale tu ulipoiruhusu

Watu wawili wakiongeza mstari mwishoni mwa orodha moja, kila mmoja kwenye tawi lake (nakala yake ya kazi) la Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, watagongana wakati wa kuunganisha kazi, hata kama hawatofautiani kwa lolote. Orodha ikiwa imepangwa kialfabeti, kila mstari huenda mahali pake na migongano ya aina hiyo hupungua sana. Ndiyo sababu nimeishikilia keep-sorted, programu ya mstari wa amri iliyoandikwa kwa lugha ya Go na kutolewa na Google kama programu huria.

Matumizi yake ni mepesi. Juu ya orodha unaweka komenti, yaani mstari wa maelezo ambao kompyuta huuruka, `# keep-sorted start`, chini yake `# keep-sorted end`, kisha unaandika `keep-sorted mipangilio.yaml` kwenye terminali. Kilichomo katikati kinapangwa. Kilicho nje hakiguswi.

Hicho cha kutogusa ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Amri ya kawaida ya `sort` hupanga faili nzima bila kujua maana yake, na zipo faili ambazo mpangilio ndiyo maana yenyewe. Chukua .gitignore, faili inayoitajia Git vitu vya kupuuza, ambamo `!` hutoa msamaha: mstari wa mwisho unaolingana na jina la faili ndio unaoamua. Ukiandika `*.log` halafu chini yake `!muhimu.log`, Git itaendelea kuiona muhimu.log. Sasa ipange faili hiyo yote kwa ASCII, orodha inayoipa kila alama namba yake. Alama ya `!` ni namba 33 na `*` ni 42, kwa hiyo ruhusa inapanda juu ya katazo, na kuanzia hapo haina nguvu tena. Hakuna ujumbe wowote wa kukuonya! Mimi nazungushia komenti majina ya folda peke yake, misamaha yote inabaki nje. Isitoshe, `sort` hufuata lugha iliyowekwa kwenye mashine, hivyo kompyuta mbili zinaweza kutoa mpangilio tofauti kwa faili ileile.

Komenti iliyo juu ya mstari huhama na mstari wake, na mistari iliyoingia ndani humfuata mkubwa wao. Mistari inayofanana kabisa hubaki mmoja. Ukitaka 2 itangulie 10, ongeza `numeric=yes`; herufi kubwa zikikusumbua kwa kujitanguliza, `case=no`. Kwenye seva ya majaribio tunaiendesha kwa `--mode lint`: haibadilishi chochote, inataja tu palipovurugika na kuzuia kazi isipite.

Pale isipofaa ni JSON, muundo wa kuandika data kwa jozi za funguo na thamani, kwa kuwa JSON haina komenti. Huko natumia `jq -S .`, amri ya programu ya kuchakata JSON, inayopanga funguo za ngazi zote na kuacha safu (orodha za thamani) zilivyo. Lakini siipeleki kwenye package.json, faili ya maelezo ya mradi wa JavaScript, maana itashusha `name` na `version` ambazo kila msomaji anazitafuta juu.

Kwa timu inayoanza: upangaji wa kwanza uwe komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git) yake peke yake, bila badiliko jingine lolote. Namba ya komiti hiyo iandikeni kwenye faili ya `.git-blame-ignore-revs`, kisha muielekeze Git kwa `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`, ili `git blame` iendelee kumtaja aliyeandika mstari, si aliyeuhamisha.