Nilisoma usimamizi wa ujenzi, sasa niko saiti za maghorofa: kozi inalipa au hailipi?

Wadau salama? Kila msimu wa maombi ya vyuo simu yangu haipumui, madogo waliotoka fomu siksi wanauliza hii kozi ina ishu au ni kula boom tu. Basi naandika nilivyoiona mimi. Digrii miaka minne hapa Dar, chuo sikitaji maana kuna sehemu ntakisema vibaya, na sasa niko kwa mkandarasi wa majengo ya biashara, maduka chini maofisi juu.

Kwanza toa kichwani kwamba utatoka injinia. Hutoki. Wahandisi wanasajiliwa na bodi yao ERB, wabunifu na wakadiriaji majenzi wana bodi yao AQRB, wewe kazi yako ni kuhakikisha hao wote na fundi umeme na fundi bomba na watu wa AC hawagongani, na hela haiishi kabla ya jengo.

Somo lililonilipa kuliko yote ni la ratiba, ile ya kutafuta kazi ipi ikichelewa siku moja jengo zima linachelewa siku moja, na ipi hata ikilala wiki haumii mtu. Darasani tuliichukia aisee. Ila jengo la biashara mwenye mali ana mkopo benki, riba inatembea, mpangaji keshasaini, kila mwezi unaopita ni kodi imepotea. Chukulia lifti, haichukuliwi dukani, inatengenezwa kwa vipimo vya shimo lenu alafu inakuja kwa meli, sasa usipoiagiza wakati bado mnamwaga zege floo za chini mtamaliza rangi na vioo vyote alafu mnakaa mnaangalia shimo.

Mikataba nayo usisinzie. Kwa mkataba wa FIDIC, ile mikataba ya ujenzi ya kimataifa, ukitaka kuongezewa muda au hela unatoa notisi ndani ya siku 28, ukikaa kimya dai limekufa hata kama haki ni yako.

Sasa mabaya. Programu za kompyuta chuoni kwetu zilikuwa hovyo, Primavera, ile ya kupangia ratiba, tuliionea ukutani kwa projekta, kompyuta za labu nusu haziwaki. Na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, unatafuta mwenyewe, wengine wanaishia ofisini kutoa fotokopi wiki nane, ripoti inasainiwa na maksi nzuri anapata. Hapo pabaya kweli, maana mambo ya maana yako saiti.

Mfano, tunamwaga jamvi la floo ya pili, gari la zege limekwama foleni Mandela, limefika jua kali. Dereva anataka aongeze maji zege lipite kwenye pampu. Tukajaza ile koni ya sentimita 30 ya kupima ulaini wa zege, tabaka tatu, kila tabaka mapigo 25 ya chuma, tukainua, zege likasimama kama ugali wa jana. Dereva ananiambia "bosi mdogo, ndoo mbili tu haziui mtu." Tangu lile ghorofa la Kariakoo lianguke Novemba 2024, hata kama lile lilikuwa na sababu zake, mimi hiyo sentensi siwezi kuisikia nikanyamaza. Nikasema maji hayaingii, kiwanda kikapigiwa, mtu wao akaja kuweka dawa ya kulainisha, tukapima tena ndo likamwagwa. Foreman alinuna mpaka jioni kwa sababu vibarua walikaa bure, sawa, na anune. Darasani nilishajua maji yakizidi zege linapoteza nguvu, ila kumkatalia mtu mzima mbele ya vibarua hakuna mhadhiri aliyenifundisha.

Mshahara wa kuanzia ni mdogo, na ajira nyingi zinafuata mradi, jengo likikabidhiwa na wewe unaanza upya kutafuta.

Mimi naipa nyota nne kwa tano, hiyo moja imeliwa na kompyuta na fildi. Kama unachotaka ni kuitwa injinia nenda uhandisi. Ukiichukua hii, MS Project, nayo ni programu ya ratiba, anza kujifunza mwenyewe mwaka wa kwanza, na fildi omba saiti ambayo bado iko kwenye msingi, sio iliyofika kwenye rangi.