Nililipa watu waisimamie siagi yangu ya karanga dukani: uzoefu wangu wa miezi saba

Ninatengeneza siagi ya karanga Kimara, Dar es Salaam. Barua ya utambulisho nilipata SIDO, shirika la viwanda vidogo, alama ya ubora ya TBS ninayo, na barkodi yangu inaanza na 620 kama bidhaa nyingine zilizosajiliwa Tanzania. Supamaketi tatu zilipokubali kuipokea kwa mali kauli, yaani wanalipa baada ya kuuza, nilimshukuru Mungu nikarudi kusaga karanga. Nilijua kazi yangu inaishia mlangoni kwa duka.

Duka mojawapo lilikaa wiki sita bila kuagiza. Nikapanda mwendokasi wa Morocco, nikashuka, nikachukua bajaji mpaka huko. Kopo zangu nilizikuta shelfu ya chini kabisa, nyuma ya zile za kutoka nje, nne tu, zina vumbi. Mafuta yamepanda juu unene wa kidole. Kibandiko cha bei kilichokuwa chini yake kilikuwa cha asali, kwa hiyo mteja aliyeinama aliona bei karibu mara mbili ya bei yangu. Stoo kulikuwa na katoni mbili hazijafunguliwa. Nikamuuliza keshia, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, hizi haziulizwi."

Sikumlaumu. Mfanyakazi wa supamaketi anahudumia maelfu ya bidhaa, yangu ni moja. Siku hiyo ndipo nilipowatazama vizuri wale vijana wenye fulana za kampuni za sabuni na majani ya chai, wanaofuta na kupanga shelfu asubuhi. Miaka yote nilidhani ni wafanyakazi wa duka. Kumbe wengine wametumwa na wenye bidhaa!

Nikatafuta kampuni ndogo ya Sinza inayofanya kazi hiyo kwa wazalishaji kama mimi. Tulikubaliana shilingi 180,000 kwa mwezi kwa maduka matatu: mtu apite mara mbili kwa wiki, apange, ahesabu, anitumie picha WhatsApp. Jumamosi ya kuonjesha wateja nalipia pembeni.

Binti waliyenipa alianza kwa kuomba tuhamishwe. Meneja alikuwa na nafasi kwenye shelfu ya usawa wa kifua, karibu na mikate, kwa sababu bidhaa fulani ilikuwa imekwisha na mwenyewe hajaleta. Akafuta kopo moja moja, akazigeuza kichwa chini kwa muda ili mafuta yarudi ndani, zenye tarehe ya karibu akaziweka mbele, na kile kibandiko cha asali akakipeleka kwenye asali. Saa nzima hivi. Mimi niliyeitengeneza sikuwahi kuipa siagi yangu saa moja ndani ya duka.

Jumamosi ya kwanza ya kuonjesha nilisimama pembeni kama mteja. Akaja mama mmoja na mjukuu wake, akainua kopo, akaona mafuta, akalirudisha. "Hii imeharibika."

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Haijaharibika mama. Ni mafuta ya karanga yenyewe, yanapanda kwa sababu hatujaongeza mafuta ya kugandisha. Tazama." Akakoroga kwa kisu mpaka ikawa laini, akapaka kwenye kipande cha mkate, akampa mtoto kwanza. Mama akauliza kuhusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Swali la haki kabisa. Wengi wetu tunakumbuka watu waliougua Dodoma na Manyara mwaka 2016, ingawa pale shida ilikuwa zaidi kwenye mahindi. Binti akamweleza tunavyochambua karanga kwa mkono, tukitupa zilizosinyaa na zenye ukungu, na kwamba sampuli hupimwa. Mama akachukua kopo mbili. Lebo yangu ingeweza kukaa mwaka mzima isimjibu yule mama hata swali moja.

Kasoro zipo, na nazisema kwa sababu wapo watakaolipa kama nilivyolipa. Mwezi wa tatu nilipokea picha mbili za siku tofauti zenye boksi lilelile la juisi lililochanika, kona ileile. Nikapiga simu. Msimamizi alikiri kwamba mtu hakwenda, akanirudishia hela ya wiki hiyo, na tangu hapo kila picha inapigwa na risiti ya siku husika pembeni.

Kubwa zaidi ni Jumamosi ambayo binti wangu aliumwa wakaleta mwingine. Nilimkuta anawaambia wateja siagi hii inatibu kisukari. Nilimsimamisha palepale, mbele ya watu, na nikawaambia wale wateja kwamba hiki ni chakula, siyo dawa. Iliniuma sana. Mgonjwa akiacha vidonge vyake kwa maneno ya mtu aliyesimama na kopo langu, jina lililoandikwa kwenye lebo ni langu. Sasa hakuna anayeonjesha bidhaa yangu kabla sijakaa naye Kimara, akaona karanga zinavyokaangwa na tukakubaliana maneno.

Mauzo? Lile duka lililokaa kimya sasa linaagiza katoni tatu mpaka nne kwa mwezi. La pili limepanda kidogo. La tatu nililiondoa, maana hela ya kulisimamia ilikuwa inakula faida yote, na nafikiri mzalishaji mdogo ni heri awe na maduka mawili anayoyatunza kuliko kumi ya kujisifia. Huduma nimeiongeza miezi sita.

Juzi binti alinitumia ujumbe baada ya kazi: wateja saba siku hiyo wamemuuliza kuhusu mafuta ya juu, kwa nini maneno "koroga kabla ya kula" yako nyuma ya kopo kwa maandishi madogo? Lebo mpya ziko kwa mchapaji Kariakoo, maneno hayo yako mbele, chini ya jina.