TAHADHARI: Kungu asiye na kichwa msimnunue!

Naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Na aibu pia, maana mimi ndiye mnayeniulizaga samaki gani achukuliwe.

Jamaa alikuja na kungu wawili kwenye barafu, mgongo mwekundu uliokoza, tumbo limepauka kidogo. Akabonyeza nyama kwa kidole gumba mbele yangu, ikarudi papo hapo. Nikainama nikanusa: harufu ya bahari tupu. Vichwa havipo. Nikauliza, akanijibu kwa upole, "Dada, nimekupunguzia kazi. Huyu ni kungu mwekundu wa kilindini, wa kwenye mchanga na tope, si wa miambani." Hilo la miambani ndilo lililonimaliza. Mtu anayekutajia hadi makazi ya samaki, utamshuku vipi? Nikawanunua wote wawili, mmoja tukampika tukamla.

Usiku mama akaomba maji baridi. Akapiga funda moja, bilauri ikamtoka mkononi: "Yananichoma!" Midomo ilikuwa imeshakufa ganzi. Daktari akasema ni siguatera, sumu inayoanzia kwenye vijimea vidogo mno vya miambani, samaki wadogo wakavila, wakubwa wakawala hao wadogo. Moto hauitoi, barafu haiitoi, haina harufu wala ladha.

Wa pili alikuwa bado kwenye friji. Nikamweka chini ya taa. Mgongoni, karibu na pezi, madoa mawili ya rangi ya fedha, yamefifia. Lutjanus bohar, ndiye kungu wa madoa mawili! Mwindaji wa miambani, anayejulikana kwa sumu hiyohiyo. Na alama yake kubwa, ule mfereji unaotoka puani hadi jichoni, iko wapi? Kichwani! Kwenye kichwa alichokikata kwa makusudi.

Mtu huyu akamatwe, anyang'anywe kibali, asiguse tena samaki maisha yake yote. Ile si biashara, ni kulisha watu sumu kwa tabasamu. Ashtakiwe!

Wekundu usiwadanganye, kungu wengi ni wekundu, na barafu inafifisha rangi. Madoa nayo kwa wakubwa mara nyingi hayaonekani, kwa hiyo usipoyaona usiseme umepona. Dai kichwa, tazama mbele ya jicho. Hakuna kichwa, ondoka.

Kama na wewe alikuuzia, usinyamaze kwa aibu, tuongozane polisi. Mpaka leo mama hawezi kushika kitu cha baridi.